Sikio, Pua, Koo

Jumatatu, 3 Machi
Miaka kumi na moja chumba cha mafaili. Vumbi limenikaa mpaka kwenye kope. Leo Matroni kanisimamisha koridoni: Ijumaa daktari bingwa mpya anaripoti, nami nitamtambulisha kwa wafanyakazi wote. Nikilitamka jina la cheo chake sawasawa, meza ya mapokezi ni yangu. Nikichemsha, anapewa yule karani wa dawa, maringo yake hayapimiki.
Cheo kaniandikia kwenye kipande cha boksi la glavu: otorhinolaryngologist. Makubwa haya!

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu anafundisha darasa la kwanza. Kalikatakata kama anavyowakatia watoto wake — o-to-rai-no-la-rin-go-lo-jist. Vipande tisa. Mkazo uko kwenye cha saba, ile "go". Ulimi hautaki! Umezoea kukazia kipande cha pili toka mwisho, kwa hiyo kila mara natoa "LO-jist". Baba watoto kasema nikiendelea hivi anahamia kwa dada yake.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa! Binti kanieleza: oto ni sikio, raino ni pua, laringo ni koo, kinachobaki ni mtaalamu. Basi — nashika sikio, nashika pua, nashika koo, na hapo kwenye "go" nakanyaga sakafu. Mara ishirini, sijakosea hata moja. Kazini nililirudia kwenye ngazi, mlinzi akauliza kama nimeumwa na nyuki.

Alhamisi, 6 Machi
Jamani. Nimebeba beseni la nguo mikono miwili, baba watoto akaniambia haya, sema neno lako. Neno likagoma. Nikatua beseni, likatoka lote bila kukwama. Nikabeba tena — hola. Kumbe neno liko mikononi, kichwani hamna kitu!
Nimelia kidogo, sikatai. Akaacha kucheka, akasogea. "Mama watoto, kesho utakuwa mikono mitupu. Wasiwasi wa nini?"
Kweli kabisa. Nalala.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika chumba cha mafaili, nimejifungia. Ukumbi umejaa. Nilikuwa mikono mitupu, roho kwatu — Matroni akanibebesha shada la maua, zito kama mtoto wa miaka miwili, na mkono wa pili kipaza sauti. Ndio utaratibu, anayetambulisha ndiye anayekabidhi maua. Nani aliniambia?
Nimejaribu. Sikio nalifikia kwa bega. Pua naigusa kwa maua — chafya. Koo ndiyo basi tena. Mguu ninao, lakini mguu peke yake utasema nini? Nimevitua juu ya mafaili niandike.
Honi getini. Kafika.
Mlango unagongwa. Karani wa dawa! Sauti ya chini, maringo hayasikiki.
"Dada, nilikuona ngazini ukijishikashika, lete hayo maua nikushikie. Mimi hilo neno limenishinda tangu Jumatatu."
Simwamini hata chembe. Lakini mkono mmoja unatosha — sikio, pua, koo. Naweka kalamu, nafungua mlango.