Mada Ilivyopunguzwa Hadi Nyumbani

Jumanne, baada ya chakula

Hata leo mwalimu wa utafiti amekataa mada yangu. Ati "mazingira" ni kubwa mno, nipunguze.

Nikaenda saiba kutafuta kwenye intaneti. Nikaandika "mazingira" kwa Kiingereza, kompyuta ikaleta dunia nzima, hata barafu. Nikaongeza "mito", ikaleta mito ya Uchina. Mwende, dada anayehudumu hapo saiba, alikuwa amechoka kuniangalia.

"Kwani wewe unataka mto gani?"

Nikaandika "uchimbaji wa mchanga mtoni, Machakos". Hapo ikaleta vitu vya kwetu: kingo zinabomoka, maji yanazidi kwenda chini, kina mama wanatembea mbali kuchota. Nilirudi chuoni na mwalimu akaikubali hapo hapo. Anataka nimhoji mchimbaji mmoja.

Jioni baba amerudi kutoka mtoni na sepetu yake, suruali imejaa mchanga. Karo yangu inatoka kwa huo mchanga.

"Ile mada ulipata?"

"Nilipata, baba."

"Ni ya nini?"

Niko na hadi Ijumaa ya kumhoji. Nikamwambia ni ya mazingira.

Akasema hiyo ni nzuri, ni kubwa.