Hapana Moja ya Mwaka Sabini na Tisa

Sågverksgatan 11,
Tallånger.
Jumapili, 28 Mei 2023

Mpendwa kaka Halvar,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti la kushoto lisiwe linakutesa kama wifi Marjorie alivyoniandikia Krismasi. Yeye mwenyewe kifua kimepona? Na wajukuu, bado wanacheza magongo ya barafuni huko Kanada, au nao wameshatekwa na simu? Mimi sijambo. Nina miaka sabini na mbili na nyonga mpya, ambayo daktari anaisifu kuliko anavyonisifu mimi.

Najua utashangaa kuona kurasa zote hizi. Miaka arobaini na minne tumeandikiana mistari miwili kila Krismasi: theluji ipo, theluji haipo, mbaki salama. Leo nina neno, kaka, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika katikati. Utakasirika.

Leo ni siku ya akina mama, nimetoka makaburini. Mama nimempandia maua ya zambarau, baba nimempalilia. Ukisimama pale unaliona bomba la kiwanda cha mbao, ambalo halijatoa moshi miaka ishirini sasa, na pembeni yake paa la ukumbi wetu wa barafu. Nikamwambia baba, klabu yako wanataka kuiua, na mimi nimewasaidia.

Ngoja nikueleze nilivyowasaidia. Tarehe tatu mwezi huu tulikuwa na mkutano wa mwaka, ghorofani, kwenye mkahawa wa ukumbi. Tulikuwa watu sitini na watatu. Mikutano yetu unaijua. Mwenyekiti anasoma, anauliza, "Je, mkutano unakubali?" Watu wanajibu "Ndio" huku wanatazama saa, nyundo inagonga meza, twende mbele. Mimi ndiye mwenye keki: ya kijani, na nembo ya klabu juu yake. Haikatwi mpaka ajenda ziishe, kwa hiyo ajenda huisha upesi.

Ajenda ya kumi na nne, Krister akasoma karatasi. Krister ni yule mtoto wa mzee Evald, ndiye mwenyekiti siku hizi. Aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma maelezo ya dawa ya kikohozi, na mimi nilikuwa natafuta kisu cha keki. "Je, mkutano unakubali?" Ndio! Na ndio yangu ilikuwa ya sauti kubwa kuliko zote. Nyundo, makofi, keki.

Nikiwa naosha sahani, akaja Sixten, yule beki mwenzako. Siku hizi ndiye anayeendesha gari la kusawazisha barafu.

"Ragnhild, unajua tumekubali nini?"

"Rangi ya viti."

"Viti gani, mama wee! Tumekubali kuungana na Nyhamra."

Nyhamra, Halvar! Sisi toka utotoni tulifunzwa mambo mawili: usikanyage barafu ya mto mwezi wa Aprili, na usiwashangilie Nyhamra. Sasa iwe klabu moja, jina jipya lisilo na mji wowote ndani yake, jezi ya bluu, na mechi zote huko kwao chini ya mto kwenye ukumbi wao mpya. Wetu mitambo izimwe, ugeuzwe ghala la kuwekea boti wakati wa baridi. Sahani ilinitoka mikononi ikavunjika.

Kilichotuokoa ni baba. Katiba ya klabu waliyoandika yeye na wenzake kumi wa kiwandani, mwaka thelathini na nane, inasema klabu haivunjwi wala haiunganishwi ila kwa mikutano miwili, mwezi mmoja katikati, na kila mara theluthi mbili wakubali. Baba aliwajua watu wa Tallånger. Alijua mara ya kwanza hatutasikiliza.

Mkutano wa pili ni tarehe saba Juni. Basi nikaenda kwenye kabati la klabu kuitafuta hiyo katiba niisome kwa macho yangu. Ndani ya kabati nikakuta pia kitabu cha kumbukumbu za mikutano cha miaka ya sabini. Hapa ndipo penye kidonda, kaka.

Mwandiko ni wangu, wa wakati nilipokuwa katibu. Tarehe 11 Mei 1979. Unaikumbuka siku hiyo kuliko mimi. Walitaka kuwaacha wachezaji saba wa hapa mjini na kuleta saba wa kununua, eti tuingie ligi kuu. Wewe ulikuwa nahodha, nafasi yako hakuna aliyeigusa, lakini ulisimama. Ulisema, "Hapana. Timu isiyo na watoto wetu itapanda, lakini siku ikianguka hakuna atakayeinama kuiokota." Watu mia tatu wakatazama viatu vyao. Sixten, ambaye ni mmoja wa wale saba, alisema ndio! Alikubali kufukuzwa mwenyewe, kwa adabu tu. Na mimi nilisema ndio, kalamu mkononi, sikukutazama.

Halafu mzee Evald, mwenyekiti wetu wakati ule, akaniinamia pale mezani. "Ragnhild, binti yangu, andika kwa kauli moja. Gazetini inapendeza. Hapana moja ni kelele tu." Nikaandika. Iko hapa mbele yangu, kwa wino wa bluu: Mkutano ulikubali kwa kauli moja.

Uliisoma gazetini asubuhi, jikoni kwa mama. Uliniuliza, "Katibu, hapana yangu iko wapi?" Nikakujibu usikuze mambo. Agosti ukaondoka, na mimi uwanja wa ndege sikuja, nilisema nina kazi. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa na haya.

Na ulisema kweli tupu. Tulipanda ligi kuu, tukakaa msimu mmoja. Mechi thelathini na sita tulishinda nne. Wale wa kununua waliondoka kabla theluji haijayeyuka, hata kwaheri hawakusema. Mwaka tisini na nne klabu ilifilisika, tukaanza upya ligi ya chini kabisa na watoto wa miaka kumi na sita, tukifungwa kumi na mbili bila na kurudi nyumbani tukiimba ndani ya basi. Tukapanda tena, tukashuka tena. Sasa tuko daraja la tatu.

Ila ulikosea jambo moja, kaka, na niruhusu nikuambie. Walikuwepo walioinama kuiokota. Sixten aliinama. Mwaka ule tulipofilisika na umeme wa ukumbi ukakatwa, alichukua pampu ya zimamoto, akamwaga maji uwanja wa shule kama akina baba walivyofanya, watoto wakafanya mazoezi nje kwenye baridi ya nyuzi thelathini. Alivuta maji wiki sita bila mtu kumwomba. Ndiyo maana simlaumu kwa ile ndio yake.

Basi nimepiga moyo konde. Kila siku natoka na baiskeli na orodha ya wanachama. Simwambii mtu apige kura gani, namwambia njoo na usikilize. Jirani yangu Solveig hataki hata kunifungulia geti. Mjukuu wake ni kipa, na Nyhamra wana kocha wa makipa.

"Wewe unalilia paa linalovuja," ananiambia.

"Linavuja, lakini ni letu."

"Basi kanyeshewe nalo!"

Amenifungia dirisha. Kesho nitapita tena, na keshokutwa. Keki sioki. Liwalo na liwe, safari hii hawatapata kitu cha kukimbilia. Barua hii naiacha hapa mezani, nitaimalizia nikiwa na la kukuambia.

Alhamisi, 8 Juni

Kaka Halvar, naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Walikuja watu mia moja arobaini na mmoja. Viti havikutosha, vijana walikaa sakafuni, na Sixten aliegemea mlango na ovaroli lake. Jambo la kwanza Krister aliloniuliza: "Ragnhild, keki iko wapi leo?"

"Keki hakuna. Kwanza kura."

"Jamani! Hata kipande?"

"Hata tone la krimu, Krister."

Watu wakacheka, lakini niliona wamekaa sawasawa vitini. Krister akasoma. Safari hii alisoma taratibu, na nimpe haki yake, alisema mambo ya maana: kwamba wachezaji wakubwa wamebaki kumi na watatu, kwamba mtambo wa barafu ni mzee kuliko yeye, kwamba Nyhamra wangetupokea vizuri. Si mtu mbaya. Amechoka tu. Akamaliza, akauliza, "Je, mkutano unakubali?"

Ndio, wakasema. Kwa mazoea, kaka, kama mtu anavyoitikia hodi! Nami nikasema hapana. Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Nikaiona nyundo inapanda.

Nikasimama, na nyonga yangu ya bandia, kiti kikaanguka nyuma yangu. "Krister, shusha hiyo nyundo polepole. Nimesema hapana, na nataka tuhesabiwe."

Ukumbi mzima ukaniangalia, halafu ukaanza kuangalia viatu. Ndipo nilipojua, kaka yangu, ulisimama mahali gani siku ile. Nilidhani najua; sikujua. Ni baridi pale. Nilichotamani ni mtu mmoja tu akohoe.

Aliyekohoa ni Sixten. "Mimi niliwahi kusema ndio humu mjini," alisema, "nikajifukuza timu mwenyewe. Moja inatosha. Hapana." Mtu akacheka, mwingine akasema hesabuni basi, na watu wakaanza kuongea! Waliongea saa nzima. Solveig aliongea kwa upande wao, vizuri kabisa, mpaka nikaogopa. Msichana mmoja wa timu ya wanawake alisema kwa Nyhamra wao wangepewa barafu saa nne usiku, wakati hapa wanacheza saa kumi na moja jioni. Hilo halikuwa limeandikwa popote kwenye karatasi ya Krister.

Tukahesabiwa kwa mikono. Ndio sabini na tisa, hapana sitini na mbili. Wao ni wengi, sikufichi, lakini theluthi mbili ni tisini na nne, na hawakufika. Klabu ya baba ipo.

Krister akaweka nyundo mezani. "Haya. Na nani ataiendesha? Mimi najiuzulu." Tena viatu. Nikasema niandikwe mimi, mpaka apatikane kijana. Msinicheke na wifi. Nina nyonga mpya, lazima itumike kwa kitu.

Lakini sikuandika kurasa zote hizi ili kukuambia hilo. Tulipofika mengineyo, nilitoa kile kitabu mfukoni. Nikawasomea tarehe, nikawasomea sentensi. Kisha nikasema: "Hii si kweli. Kulikuwa na hapana moja siku ile, ya kaka yangu Halvar. Ilisemwa wazi, mbele ya watu mia tatu, na mimi katibu niliifuta. Naomba mkutano uirudishe."

Sikumtaja mzee Evald. Nilisema ni mimi, kwa sababu kalamu nilikuwa nayo mimi. Lakini saini yake iko chini ya ukurasa, na Krister akaomba kitabu akiangalie. Alikiangalia muda mrefu, kidole juu ya jina la baba yake. Wapo wazee pale waliokuwepo mwaka ule wa sabini na tisa, na mmoja wao, mama yule wa duka la nyuzi, alikuwa anafuta macho. Kisha Krister akashika nyundo, kazi yake ya mwisho ya uenyekiti.

"Je, mkutano unakubali?"

Ndio! Wote, Halvar, hata Solveig. Na hakuna aliyeangalia saa. Alipogonga meza nilikaa chini nikalia mbele za watu, jambo ambalo unajua silifanyi. Baadaye nilikwenda kwa Sixten kwenye chumba cha mtambo, nikatoa keki. Nilikuwa nimeshindwa kuacha kuioka, nikaificha huko kwenye baridi tangu mchana. Hata Krister alikula vipande viwili.

Nimeandika masahihisho kwa wino mweusi, juu ya ule wa bluu, na nakunakilia hapa neno kwa neno: Mkutano ulikubali, isipokuwa Halvar Stenlund, aliyesema hapana na kutoa sababu. Hapana yako imechelewa kuandikwa. Nisamehe, kaka. Ukishindwa, nitaelewa, lakini sentensi itabaki.

Barafu ya msimu tunamwaga tarehe kumi na tisa Agosti. Mtambo huenda ukakataa, paa litavuja, na wachezaji ni kumi na watatu, lakini tutaimwaga. Viatu vyako vya barafu viko darini kwa mama, nimevipaka mafuta. Sikuombi, nakuarifu tu tarehe.

Nisalimie sana wifi Marjorie, na watoto wenu Ellen na Douglas, na wajukuu wote ambao wana shangazi-bibi wasiyemjua. Sixten anakusalimu, anasema bado upande wako wa kushoto uko wazi, hakuna aliyeuziba. Mungu akulinde goti na moyo, akupe usingizi mtamu, na akitaka, atukutanishe tukiwa bado tunasimama wenyewe.

Dada yako akupendaye, na katibu aliyechelewa miaka arobaini na minne,

Ragnhild