Bunduki ya Rangi na Shamba la Mama

Ijumaa, mwezi wa nane, 1996. Kisegi. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo wa ziwa umegoma, nami siwezi kukaa kitini.

Kama kuna mwanamume anayenishinda bahati kuanzia Migori hadi Homa Bay, ajitokeze tupimane. Mama ameniachia shamba lake la mahindi wiki nzima, ameenda Migori kumwona dada yangu aliyejifungua, na tumbili hawajagusa hata hindi moja. Hata moja! Wakisikia jina langu wanabeba watoto wao na kuhamia mlima mwingine.

Nimechemsha chai nikaisahau. Nimezunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama anarudi kesho.

Sababu ya bahati ni bunduki. Si ya risasi, askari wasije. Inatema vidonge laini vya rangi kwa nguvu ya gesi. Kikigonga kitu kinapasuka na kukipaka. Wazungu hupigana nazo kwa mchezo, ati ndiyo kupumzika. Mholanzi mmoja aliyekuwa na kambi ya wageni karibu na Homa Bay alikuwa anafunga kazi na kuuza vitu, nikaenda kutafuta sufuria, maana aliyewahi kuwa mpishi wa meli hapiti sufuria hivihivi. Mezani nikakuta bunduki mbili. Moja ndefu, nyeusi, inafyatua mfululizo. Nyingine fupi, na kabla ya kila pigo lazima uivute na kuisukuma kwa mkono. Mholanzi akasema anayeanza achukue hii fupi: vyuma vyake ni vichache, haimalizi gesi, haikwami.

Nikaichukua. Watu niliwaambia nimefuata ushauri. Ukweli ni kwamba ile nyeusi ilikuwa imeshanunuliwa na mtu mwingine.

Na ilifanya kazi! Jumatatu dume kubwa la tumbili lilikaa juu ya ua likitazama mahindi ya Mama kama mwenye hoteli anavyotazama meza zake. Nikalipiga tako likawa buluu. Kundi zima likapotea. Jumanne halikuja.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Lakini jirani yetu Min Atieno, ambaye hufukuza tumbili kwa kupiga debe na kuwatukania mababu zao, alipita akaiona. "Omera, ndugu yangu, hiyo si ni ya kujaza upepo? Baharia mzima unawinda na pampu ya baiskeli?" Akacheka mpaka leso ikamwanguka. Mimi nimefika Durban. Nimefika Karachi. Maneno yake yakanikaa shingoni kama mwiba wa samaki ngege.

Jumatano alfajiri nikaenda Migori kwa rafiki yangu Ouma, fundi wa kuchomelea mageti, aniwekee mtutu mrefu. Ouma hakuwa amewahi kuona bunduki ya rangi, lakini pia hajawahi kukubali kwamba kuna kitu hajui. Hapo tunafanana. Alipokuwa anatafuta paipu, watu wakajaa, nikamwachia kila mmoja alenge pipa. Mzee mmoja Mkuria alilipata, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba tena. Ungemnyima wewe? Vidonge vikabaki vya kujaza kiganja.

Ouma akaukata mtutu wa zamani, akachomelea paipu ya maji, akaipaka rangi nyeusi. "Sasa hii, ndugu yangu, ukipiga hapa mtu anajipangusa Tanzania!" Ilipendeza, sikatai. Niliibeba ndani ya gunia, nikatamani gunia liwe la kioo.

Nikalala kwa Ouma. Nyumba ya dada yangu haikuwa mbali, lakini Mama angeniuliza nani amebaki na mahindi. Nilipita nyuma ya soko nikiwa nimeinamisha kofia. Mtoto wa kwanza wa dada yangu, na sijamwona.

Jana alasiri nikafika nyumbani. Nikasimama ukingoni mwa shamba, nikalenga, nikafyatua. Kumbe paipu ya maji ina mshono kwa ndani. Kidonge kikapasuka humohumo, rangi ikanichuruzikia mpaka kwenye kiwiko. Cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Dume lenye tako la buluu likanitazama, kisha likaendelea na shughuli zake.

Mtutu wa zamani ulishakatwa. Haurudi.

Leo asubuhi Min Atieno amenipitishia debe lake juu ya ua. "Shika, nyathina, mwanangu. Mama yako anakuja kesho." Hakunicheka. Nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu ya kumrudishia, yote matamu, yakaozea mdomoni.

Nimelipiga debe hilo kutwa, masikio yanalia, na mkono bado ni wa buluu, umekataa sabuni. Kesho nitamngoja Mama kwenye steji ya matatu, nimpokee mzigo, nimweleze kabla hajaliona shamba. Ndipo nitamwuliza mtoto anafanana na nani, kama bado atakuwa anaongea na mimi.

Nimerudi nikasoma nilichoandika pale juu kuhusu bahati. Ni uongo. Tumbili wameyamaliza mahindi ya Mama. Yamebaki mabua.