Mtumbwi Uliosimamishwa Ofisini

Mbinga Mjini,
6 Mei 2024

Babu yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na hilo sikio, bado limefunga duka? Nimepiga simu mara tatu, unapokea, unasema "Nani? Nani?" halafu unakata. Basi nimeandika, nampa dereva wa Koasta. Mimi mzima, ila baridi ya huku imeanza kung'ata, na ofisini wamenichosha.

Unajua pale kazini tunabuni lebo na mifuko ya kahawa. Wachoraji ni wawili, wote wana digrii, wanakaa siku nzima wanatazama kompyuta kama mbuzi anayetazama mvua. Bosi wetu, Madam Loveth, akasema ofisi ndiyo inayoua mawazo: kuta rangi ya ugali uliolala, kalenda ya mwaka juzi, pazia moja. Nani ataipamba ichangamshe akili? Nani mwingine, Babu? Kidato cha pili niliishia mlangoni, lakini jicho ninalo.

Sasa kero. Nimepaka ukuta rangi ya papai, Wilfred mhasibu anasema kichwa kinamuuma. Nimeleta maua ya plastiki, Madam akauliza nani amefariki. Nimebandika picha ya simba, wale wenye digrii wakacheka mpaka wakashika meza. Hapo nikapandwa na hasira, nikasema mbele ya wote: "Nitaleta kitu hamjawahi kukiona!"

Kitu chenyewe ni mtumbwi wako. Naukata katikati, nasimamisha vipande viwili ukutani, natia mbao, inakuwa rafu ya vitabu na sampuli. Si umelala tu kifudifudi ufukweni tangu goti lianze? Nipe, Babu. Nimeshaahidi watu.

Mjukuu wako, fundi mkuu wa mapambo,
Rodrick


Lundo,
14 Mei 2024

Mjukuu wangu Rodrick,

Milele amina. Marahaba. Sikio halijafunga duka, linachagua wateja.

Mtumbwi, hapana. Nimeulaza kifudifudi ili mvua isiujaze na jua lisiupasue. Haujafa. Jumatatu napelekwa hospitali Litembo, goti litazamwe. Wamesema mwezi mmoja hivi. Nikirudi naingia ziwani. Niliuchonga mwaka aliozaliwa baba yako, na mpaka leo mboga yangu naitoa humo mwenyewe. Bila mtumbwi mimi ni mzee wa kukaa kibarazani kungoja nani amenikumbuka na kibakuli. Sitaki, sitaki kabisa.

Kama unataka pambo, nyuma ya mlango wa jiko kuna kasia la zamani lililopasuka. Chukua hilo.

Na hao wenye digrii waambie watoke nje watazame mlima. Ni bure.

Babu yako,
Xavery


Mbinga Mjini,
10 Juni 2024

Babu yangu,

Shikamoo huko Litembo. Unakula? Manesi wanakuvumilia? Mimi sijambo, ni jina tu limekuwa kubwa.

Babu, barua yako sikuipata. Nadhani yule dereva aliipoteza, ana kichwa kama chujio. Kwa kuwa hukujibu, nikaona umekubali. Nikaja Lundo na Fuso ya Mansuetus, tukaupakia. Fundi aliukata kwa msumeno wa moto, dakika nne tu! Sasa umesimama. Ungeuona! Nimeupaka vanishi unang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Madam amepiga picha kumi na mbili. Hata Wilfred ameweka faili zake humo, ingawa analalamika kwamba zinanuka samaki, usipa mtupu.

Kasia nalo nimelitundika juu ya mlango. Asante sana.

Ukitoka pumzika, Babu. Uvuvi wa nini tena na umri huo?

Mjukuu wako,
Rodrick


Lundo,
1 Julai 2024

Rodrick,

Marahaba.

Tuanze na kasia. Barua yangu hukuipata. Habari za kasia nyuma ya mlango wa jiko ulizipata kwa nani? Kwa paka? Na Mama Otilia wa hapa jirani anasema ulimwambia nimekutuma. Aliwasaidia hata kunyanyua.

Alhamisi niliruhusiwa. Nikashuka Mbinga, nikauliza mpaka nikaifikia ofisi yenu, nikitaka kuona kwa macho yangu. Hukuwepo, ulikuwa umetumwa stendi. Madam wako ana adabu. Alidhani ni mkulima nimeleta kahawa, akanipa chai ya maziwa na kiti kinachozunguka. Nilishika meza muda wote nisije nikaondoka nacho.

Nikauona. Umesimamishwa ukutani kama mtoto aliyekosa darasani. Pale ninapokaa mimi kuna ua la plastiki. Na kibao nimekisoma mara tatu: "Mtumbwi wa Marehemu Mzee Xavery, Mvuvi wa Lundo."

Madam akanipazia sauti: "Alimwachia mjukuu wake! Tukiutazama tunapata moyo wa kazi! Ulimfahamu, mzee?"

Nikamwambia, "Sana. Tulikuwa tunaoga pamoja."

Akanipa pole.

Goti limepona, Rodrick. Limepona vizuri. Juzi nimetembea mwenyewe hadi ufukweni bila fimbo. Nikafika, nikasimama. Mchanga bado una alama ya ulipokuwa umelala. Wenzangu walikuwa wanasukuma mitumbwi yao majini, nikawashikia kamba.

Babu yako,
Marehemu Xavery


Mbinga Mjini,
8 Julai 2024

Babu,

Shikamoo. Hali ya marehemu sijui inaulizwaje, lakini naiuliza.

Barua niliipata, niliisoma mara mbili. Nilikuwa nimeshajitapa, nikaona aibu kurudi na kasia tupu. Madam alipouliza mwenye mtumbwi amekubalije kuutoa, ulimi ukateleza ukakuua.

Leo asubuhi nimesema ukweli mbele ya wote. Wilfred alicheka mpaka miwani ikaanguka. Madam hakucheka. Alikumbuka ile chai, akajifunika uso. Halafu akasema wiki ijayo kuna wageni, mtumbwi ubaki, nifute tu hilo neno. Nikalikwangua kwa kisu. Kibao sasa kina pengo, kila anayeingia anauliza hapo paliandikwa nini.

Na unajua kinachonikera zaidi? Wachoraji hata hawautazami! Wamehamishia viti nje kwenye ngazi, wanachora mlima. Lebo tatu wamemaliza kwa wiki moja. Mlima! Ule wa bure!

Jioni nilijaribu kuviunga vile vipande kwa misumari na lami. Nikamimina ndoo ya maji nione. Yalitoka yote, faili za Wilfred zikaloa. Nimekatazwa kugusa chochote ofisini isipokuwa birika.

Jumamosi nakuja tuchonge mwingine. Naapa, Babu.

Mjukuu wako,
Rodrick


Lundo,
25 Agosti 2024

Rodrick,

Natumaini u mzima. Mimi mzima, nakula ugali na mchicha.

Jumamosi zimepita saba. Ya kwanza nilipika chai ya watu wawili. Ya pili pia. Ya tatu nikanywa vikombe vyote.

Mti nimeupata. Vijana wa Mama Otilia wamenisaidia kuuangusha na kuuvuta mpaka hapa nyumbani. Nimechonga kuanzia mbele mpaka katikati, ndani na nje, ukipitisha kiganja hakikwami. Hapo nimeacha. Nyuma bado ni gogo lenye magome yake, na kuku wameanza kulala juu yake.

Watu wakipita wananicheka: "Mzee, huu utaelea upande mmoja?" Nawajibu kwamba huo upande mwingine una mwenyewe, fundi anayejua nusu kuliko mtu yeyote, yuko Mbinga. Sitaugusa. Wala hao vijana sitawaruhusu.

Nimenoa tezo mbili. Moja ina mpini mfupi, kwa mikono ya kushika birika.

Usije na maua.

Babu yako,
Xavery, marehemu mpaka utakapofika