Hereni ya Pili Iko Kwangu

Fairfield, Sydney
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa Dada Candide,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Unaendeleaje, na goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Shemeji Égide hajambo? Sisi ni wazima. Wifi yako Elvire anakohoa kidogo, lakini si kikohozi cha kumzuia kunisahihisha. Binti yetu Armelle anakua. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu, hasa kile ambacho hukutaka akisikie, kisha anakujibu kwa Kiingereza.

Barua hii anakuletea Aline, jirani yetu anayekuja Kigoma kuwaona wazazi wake. Alhamisi uliponipigia simu ukilia kwamba Mama amefika na hereni moja tu, sikuweza kukueleza vizuri, kwa sababu nilimsikia Mama mwenyewe nyuma yako akikoroga chai. Basi tulia. Hereni haikupotea. Iko hapa kwangu.

Unajua Mama aliapa kwamba mpwa wangu Irambona ataolewa akiwa amevaa hereni za bibi. Na mimi nilikuwa nimeshawaambia kwamba sitaweza kuja, kwani Desemba ghalani kwetu hakuna likizo. Kwa hiyo Mama angesafiri nazo peke yake. Armelle akasema dhahabu haisafirishwi hivi hivi, lazima ikatiwe bima.

Tukampeleka Mama mjini kwa sonara, dada mmoja mpole aitwaye Kelly, azipime, azipige picha na kuandika thamani yake. Kelly alipouliza kama Mama anajua bei yake, Mama alizifunika kwa kiganja.

"Mwambieni siuzi."

Tukamweleza kwamba huku hata kitu kisichouzwa huwekewa bei, ili kikipotea watu wajue walie kiasi gani. Hakuridhika, ila kiganja alikiinua.

Bima ikatoka. Masharti yake ni marefu kuliko safari yenyewe. Zivaliwe au zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisitiwe kamwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege. Asiachiwe mtu mwingine azishike. Na ikipotea moja, watalipa nusu, kana kwamba wamewahi kumwona bibi harusi wa nusu. Mama alisikiliza yote akiitikia kwa kichwa. Ningepaswa kuingiwa na wasiwasi hapo hapo, maana Mama huwa haitikii.

Asubuhi ya safari aliomba sindano na uzi, akasema anakaza kifungo. Gauni alilosafiri nalo halikuwa na kifungo hata kimoja, lakini sisi tulikuwa tunahangaika na uzito wa masanduku.

Ulinieleza kwamba ulipomuuliza, alikujibu tu kuwa iko pale pale alipoiweka tulipokimbia. Simu ilipokatika nikakaa na maneno hayo. Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka kuliko mimi. Mama hakukubali pea moja ibebwe na msafiri mmoja. Moja aliishonea kwenye mkanda wa sketi yako, ukaenda naye. Nyingine aliishonea kwenye kola ya sweta yangu, nikaenda na mjomba kwa njia nyingine. Akatuagiza kwamba mwenye moja amtafute mwenye nyingine.

Nikaliendea koti langu la kazini, lile la manjano linalong'aa. Tangu Mama aondoke kola yake ilikuwa ikinichoma shingoni, nami nikilaumu kiwanda. Nikaipapasa. Ilikuwa humo, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga yake. Dada, nilikaa kitandani nimelikumbatia koti la ghala kama mtoto mchanga.

Mama hakusahau kitu. Nilipomwambia siji, hakubishana nami. Alishona.

Kesho yake nilimwendea msimamizi wetu Njenga, Mkenya asiyecheka kabla ya saa nne, nikamwekea hereni mezani na kumsimulia yote. Aliigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Sasa hii ni shida ya bima ama ni ya mathe?"

Nikasema ni ya mama.

"Basi enda, buda. Ya bima ningekukatalia."

Tiketi nimekata. Mama usimwambie, ingawa nadhani ameshanitandikia kitanda.

Hiyo moja mliyo nayo itunzeni vizuri. Armelle anaomba msiiweke picha yake kwenye status kabla ya harusi, kwani wezi nao wana bando. Ameyasoma upya yale masharti pia. Hii yangu ikipotea njiani hakuna atakayenilipa, maana jina lililoandikwa ni la Mama. Nimemwambia asijali. Sijaitoa kwenye kola, na nitasafiri nayo humo humo, koti la ghala nikilivaa mbele za watu wenye suti.

Nisalimie Shemeji Égide, na Irambona umwambie mjomba wake anakuja. Mama mbusu kwenye paji la uso bila kumpa sababu. Mungu ailinde nyumba yenu na atukutanishe salama.

Nikifika uwanja wa ndege, usinisalimie kwanza. Shika kola, kama ulivyofanya siku ile tulipokutana tena kambini Kibondo, ndipo unikumbatie.

Mdogo wako akupendaye daima,
Salvator