Manyoya Kwenye Blanketi

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Kazi inaendeleaje? Mimi najikongoja. Daktari ameacha kunipangia miadi, na mtu aliyefundisha shule miaka thelathini na sita anajua anapofichwa ukweli.

Nataka kukuambia jambo kuhusu mjukuu wangu. Uliponiomba nimtoe paka kwa sababu ya kifua cha mtoto, nilikwambia nimemgawa. Nilikudanganya. Baba yako alikuwa amefariki mwaka ule, na paka yule ndiye pekee aliyekuwa akinisubiri mlangoni. Kila mlipokuja nilimfungia stoo. Nilivaa glavu ya mpira, nikailowesha, nikasugua makochi mpaka manyoya yakajiviringa kama uzi. Nikapiga deki mara mbili, nikapangusa hata miguu ya meza. Nilijiona hodari.

Siku ile mtoto alilala kwangu. Alisikia baridi, nikamtolea blanketi kabatini. Mlango wa kabati ulikuwa haufungiki sawasawa, na paka alikuwa amelala humo wiki nzima. Manyoya niliyaona nilipolifua, baada ya kumzika mtoto aliyebanwa kifua usiku ule. Ulilikuta kambani ukaniambia, "Asante Mama, hata leo unafua."

Kisha ukamwambia mumeo kwamba kilichomuua mtoto ni vumbi la mbao alilorudi nalo mwilini kutoka karakana. Nilikuwa nimekaa katikati yenu. Nikanyamaza. Mumeo akaondoka, na miaka tisa nimenyamaza.

Njoo unione.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Barua imefika. Niliisomea kazini, nikajifungia chooni mpaka wenzangu wakaanza kugonga.

Ulimwona yule mtu akioga kabla ya kumbeba mwanawe. Ulimwona akikung'uta suruali nje, akiacha viatu uani hata mvua ikinyesha. Nilimwambia "umemuua" mbele yako. Wewe ulikuwa unamenya machungwa, Mama. Hukusimamisha hata kisu.

Usinieleze tena habari za paka.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sikulaumu kwa kutonisalimu. Mkono wangu siku hizi unaandika mistari miwili, unapumzika.

Sina cha kujitetea. Naomba kitu kimoja tu: mpelekee mumeo barua ile ya kwanza, aisome mwenyewe kwa mwandiko wangu. Usipokuja, nitavumilia. Lakini nikifa naye hajajua, nitakuwa nimemfukuza mara ya pili.

Mama yako

19 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimempata. Useremala aliuacha mwaka uleule, sasa analinda geti la shule. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe.

Alisoma akiwa amesimama. Akaikunja barua, akaikunjua tena. Akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?"

Nikamwambia, "Si wewe."

"Una hakika?"

"Mama mwenyewe ndiye aliyeandika."

Akakaa chini palepale getini. Kengele ikalia, watoto wakatoka wakimruka miguu, naye hakuwaona. Nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kuwasogeza watoto wasimkanyage. Alipoinuka, kitu cha kwanza alichosema ni, "Nenda kamuuguze mama yako. Asife peke yake na jambo hili."

Yeye ameweza kusema hivyo. Mimi nimefika stendi mara mbili, nikiwa na begi na tiketi mkononi. Mara zote mbili basi limeondoka mimi nikiwa kwenye benchi.

Mwanao