Deli la Tukuswiga siku ya mavuno

Ikupa uko wapi??? Nimetoka kanisani sasa hivi, mbavu zinaniuma.

Tukuswiga wetu, si unajua kazi yake ya kuchota majitaka hapa Tunduma, ili maabara waone virusi vya korona vimebadilika vipi? Leo alikuwa na sampuli, anasubiri basi, akaona asikose ibada. Deli lake la barafu akaliacha mlangoni, kivulini.

Mlangoni! Siku ya mavuno!!

Wazee wa kanisa wakalibeba pamoja na mahindi na kuku wa sadaka, wakaliweka mbele. Mchungaji akaliombea. AKALIOMBEA, Ikupa.

Mnada ukaanza. Mzee Sadoki akanadi, "Deli la samaki wa Rukwa, bado wabichi!" Watu wakagombania. Aliyeshinda ni nani? Mama mkwe wake Tukuswiga! Na papo hapo akashika kifuniko.

Tukuswiga hakujua akimbie au azimie. Akapiga ukelele, "Mama, usifungue! Ni maji ya vyoo vya Tunduma nzima!"

Mama akaachia kifuniko.

Mzee Sadoki akainua kipaza sauti taratibu, "Bwana asifiwe! Leo hata wasiokuja kanisani wametoa sadaka."